Abu Zayd al-Balkhi: Mwanachuoni aliyeiweka huzuni katika daftari la maradhi

  

Ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tunayatazama maisha ya mwanachuoni ambaye wasomi wengi wanamjua kwa ramani zake, ilhali jambo lililotufanya tumchague ni jingine kabisa. Huyu ni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na ambaye aliandika juu ya huzuni inayomvaa mtu bila ya sababu ijulikanayo, akasema kuwa hayo ni maradhi kama yalivyo maradhi ya tumbo au ya kifua, na kwamba yana tiba. Leo maradhi hayo tunayaita sonona.

Tumeona ni vyema kumleta kwa sababu jambo hili limo majumbani mwetu, nasi tunalifunika. Baba aliyekuwa akifungua duka lake baada ya Sala ya Alfajiri anaanza kulala hadi adhuhuri. Mama aliyejifungua salama anamtazama mtoto wake kama anayemtazama mtoto wa jirani. Kijana aliyekuwa akisifiwa madrasa hali, hazungumzi, na usiku hapati usingizi. Watu wa nyumbani huanza kutafuta jina la jambo hilo: mmoja husema ni uvivu, mwingine husema karogwa, na wa tatu, naye ndiye anayeumiza zaidi, husema imani yake imepungua. Mgonjwa mwenyewe huyasikia yote matatu, na mara nyingi huliamini lile la tatu.

Abu Zayd Ahmad bin Sahl alizaliwa karibu na mwaka 235 Hijria, sawa na mwaka 850 Miladia, katika kijiji cha Shamistiyan, viungani mwa mji wa Balkh, upande wa kaskazini wa nchi tunayoiita leo Afghanistan. Balkh wakati huo ilikuwa miongoni mwa miji mikuu ya Khurasan, yenye misikiti, masoko na wanavyuoni wengi, karne kadhaa kabla ya majeshi ya Genghis Khan kuuangamiza mwaka 1220. Baba yake alitokea Sijistan na alikuwa mwalimu wa watoto. Mwana naye alianza kwa kazi hiyo hiyo ya kusomesha watoto, na wanahistoria wanapoeleza habari zake hupenda kukumbusha kuwa hakuinuliwa na nasaba wala mali, bali na elimu.

Alipokuwa kijana alitoka kwenda Iraq kutafuta elimu, akafuatana na msafara wa mahujaji, akitembea kwa miguu. Alikaa huko kiasi cha miaka minane. Inasimuliwa kuwa alisoma kwa al-Kindi, mwanafalsafa mashuhuri wa Waarabu, na kwamba alichota katika falsafa, elimu ya nyota, utabibu na elimu ya dini. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya wanavyuoni wa zama zile: mtu mmoja angeweza kuandika juu ya mpangilio wa Qur'ani Tukufu, kisha akaandika juu ya bahari na miji, kisha akaandika juu ya chakula na usingizi, na asionekane kuwa amevuka mipaka yake.

Aliporejea Balkh aliandika mno. Vitabu vyake vinahesabiwa kuwa takriban sitini, na vingi kati ya hivyo vimepotea. Katika jiografia aliacha njia iliyofuatwa na wakubwa waliokuja baada yake, nao ni al-Istakhri, Ibn Hawqal na al-Muqaddasi, hata wataalamu wa leo huwaita wote kwa pamoja kuwa ni watu wa madrasa ya al-Balkhi. Waliomwona wanamweleza kuwa alikuwa mtu wa kimo cha wastani, mwembamba, uso wake una alama za ndui, mwingi wa kunyamaza.

Maisha yake hayakuwa ya raha tupu. Wakubwa wawili waliokuwa wakimpa masurufu walimkatia, kila mmoja kwa sababu ya kitabu: mmoja alichukizwa na kitabu chake juu ya namna ya kuzifasiri Aya, mwingine akachukizwa na kitabu chake juu ya sadaka za kuchinja. Wapo pia waliomsingizia kuwa ametoka katika dini, na wapo waliomtetea kuwa alikuwa ni mtu wa tauhidi. Baadaye mtawala mmoja, ambaye jina lake lilikuwa Ahmad bin Sahl kama lake yeye, alitaka kumfanya waziri. Abu Zayd akakataa uwaziri, akakubali ukatibu, na uwaziri akapewa rafiki yake Abul Qasim al-Kaabi. Waziri alipangiwa dirhamu 1,000 kwa mwezi na katibu dirhamu 500. Abul Qasim akamwamuru mtunza hazina ampunguzie yeye 100 na amwongezee Abu Zayd, na zaidi ya hayo sarafu nzima nzima apewe rafiki yake, zilizovunjika abakishiwe yeye. Marafiki wa aina hii ni wachache, na mtu aliyepata mmoja wao hana budi kujua thamani ya usuhuba katika shida. Tutaona kuwa usuhuba una nafasi yake katika tiba aliyoiandika.

Kuna kisa kingine ambacho hatuwezi kukiacha. Mtawala wa Khurasan alimwita Bukhara ili afaidike na rai yake. Abu Zayd akafunga safari hadi akafika mto Jayhun, ambao leo huitwa Amu Darya. Alipouona upana wake, kasi ya maji yake na mawimbi yake, alisimama. Akamwandikia mtawala kuwa kama ameitwa kwa ajili ya uzuri wa rai yake, basi rai hiyo hiyo ndiyo inayomkataza kuuvuka mto ule, na akiuvuka itakuwa hana rai tena. Mtawala alistaajabu, akampa ruhusa arudi kwao. Wengi hukisimulia kisa hiki kwa kucheka. Sisi tunamwona ndani yake mtu aliyeijua nafsi yake na asiyeona haya kuandika kuwa jambo fulani limemshinda, na mtu kama huyo ndiye aliyefaa kuandika mlango mzima juu ya hofu.

Kitabu chenyewe kinaitwa Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi. Kina sehemu mbili. Ya kwanza, yenye milango 14, inahusu mwili: hewa, maji, makazi, chakula, usingizi, mazoezi na mengineyo. Ya pili, yenye milango minane, inahusu nafsi, na hapo anazungumzia ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi usiomtoka mtu. Msingi wa kitabu kizima ni kuwa binadamu ameumbwa kwa mwili na nafsi vilivyofungamana. Mwili ukiugua, akili huchoka na mtu hukosa hamu hata ya vile avipendavyo. Nafsi ikiumia, mwili nao hupatwa na ugonjwa. Kwa hiyo aliwalaumu matabibu wa zama zake kwa kuandika juu ya miili tu na kuiacha nafsi, ilhali, kwa hoja yake, maradhi ya nafsi humfika mtu mara nyingi zaidi kuliko ya mwili. Mtu aweza kupitiwa na miaka bila ya homa, lakini nani anayepitiwa na siku nyingi bila ya ghadhabu, hofu au huzuni? Tofauti ya watu, alieleza, ni kiasi: kuna anayeguswa kidogo na kuna anayelemewa, kila mmoja kwa maumbile yake.

Tuufikie mlango wa huzuni. Kwanza anatofautisha huzuni ya kawaida na ile kali inayomfanya mtu apoteze uvumilivu kabisa. Ile kali aliifananisha na moto uwakao kwa miali, na ile nyingine na makaa yanayobaki baada ya miali kutulia. Kisha anakuja kwenye mgawanyo uliomfanya akumbukwe. Ipo huzuni ambayo sababu yake inajulikana, kama mtu aliyefiwa na mpenzi wake, aliyepotelewa na mali, au aliyekikosa kitu alichokitarajia kwa muda mrefu. Na ipo huzuni ambayo mwenyewe hajui imetoka wapi. Humfunika wakati wote, ikamzuia kufanya kazi, ikamwondolea furaha katika vitu vyote ambavyo hapo kabla vilimpa furaha, na ukimwuliza ana nini hapati la kukujibu.

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye uzito. Abu Zayd hakusema kuwa huyu wa pili ana dhambi iliyojificha, wala hakumwambia afanye bidii zaidi. Alisema kuwa asili ya huzuni hii imo mwilini: damu haikuwa safi na imepoa, ikatoka katika hali yake iliyo sawa. Kwa kuwa asili ni ya mwili, akaagiza tiba ya mwili, nayo ni kuisafisha damu na kuitia joto, pamoja na kumzungushia mgonjwa mambo yanayochangamsha nafsi, kama mazungumzo mazuri, sauti zenye kuburudisha na watu awapendao. Yule wa kwanza, mwenye msiba unaojulikana, tiba yake kubwa ni maneno na fikra, nayo ina njia mbili: ya nje, yaani mawaidha ya mtu mwingine, na ya ndani, yaani fikra anazozijenga mwenyewe kuikabili huzuni yake.

Juu ya njia hizo mbili ana maelezo mazuri mno. Mtu anapokuwa na afya, anasema, ajiwekee fikra njema akibani, kama mwenye nyumba anavyoweka dawa ndani kwa ajili ya ugonjwa wa ghafla, kwa kuwa atakapolemewa hataweza kuzitunga upya. Na hata akiwa nazo, bado anamhitaji mtu wa nje, kwani aliyezidiwa na maumivu ya nafsi akili yake imeshughulishwa na maumivu hayo hayo, na rai ya mwenzake humfaa kuliko ya kwake. Tazama jinsi hoja hii inavyomwondolea mgonjwa lawama. Wangapi wetu tumemwambia mtu wa namna hii ajikaze na ajitoe mwenyewe katika hali yake? Ni kama kumwambia aliyevunjika mguu atembee hadi hospitali.

Hatutaki kumpamba kupita kiasi. Siku hizi utawasikia watu wakimwita baba wa elimu ya nafsi ulimwenguni, na mchezo huo wa kugombania nani alikuwa wa kwanza hautusaidii kitu. Wayunani walikuwa wameandika juu ya maradhi ya huzuni karne nyingi kabla yake, na katika zama zake Ishaq bin Imran, tabibu wa Qayrawan katika nchi ya Tunisia, alitunga risala nzima juu ya maradhi hayo. Aidha, habari ya damu kupoa haikubaliki katika utabibu wa leo. Madaktari wa sasa wanaeleza kuwa sonona hutokana na mambo kadhaa yanayokutana: urithi wa ukoo, utendaji wa ubongo na homoni, maradhi mengine ya mwili, na misukosuko ya maisha kama vile kufiwa, talaka, umasikini au kuteswa utotoni. Hata ule mgawanyo wake wa huzuni yenye sababu na isiyo na sababu hautegemewi tena kama zamani, kwa kuwa imeonekana kwamba huzuni iliyoanza kwa msiba unaojulikana nayo yaweza kugeuka kuwa maradhi kamili yanayohitaji matibabu. Kilichosimama imara ni lile jambo lake kubwa: kuna huzuni ambayo ni ugonjwa, na mwenye ugonjwa hutibiwa.

Madaktari wana alama wanazozitazama. Huzuni, au kutoona raha katika jambo lolote, inayodumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, usingizi kupotea au kuzidi, chakula vivyo hivyo, uchovu usioisha, kushindwa kutuliza akili katika jambo moja, kujiona mtu asiye na thamani na kujilaumu kusiko na msingi, na kuyafikiria mauti. Wengine, hasa wazee wetu, hawasemi kuwa wana huzuni, bali hulalamika kichwa, mgongo na kifua, wakazunguka hospitali baada ya hospitali wakipimwa kila kitu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa wenye maradhi haya ulimwenguni wanazidi watu milioni 280, na yanawapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Tiba zipo, nazo ni mazungumzo maalumu na mtaalamu, dawa, au vyote viwili. Dawa huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu yake, na wengi huziacha wiki ya kwanza wakidhani hazifai, au huziacha ghafla mara tu wapatapo nafuu. Mambo yote mawili yana madhara, na dozi haibadilishwi bila ya daktari.

Na lipo jambo zito zaidi. Watu zaidi ya 700,000 hufariki kila mwaka duniani kwa kujiua, na sonona ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowafikisha huko. Sote tunajua kuwa kuitoa nafsi ni haramu, lakini mgonjwa anayetamka kuwa amechoka kuishi hahitaji hotuba juu ya uharamu wake. Mara nyingi anaujua kuliko anayemhutubia. Anahitaji asiachwe peke yake, sumu na dawa ziondolewe karibu naye, na afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Wataalamu wamethibitisha kuwa kumwuliza mtu waziwazi kama ana fikra za kujiua hakumtii fikra hizo. Humfungulia mlango wa kusema.

Ama wale wanaoona kuwa Muislamu mwenye imani hapatwi na huzuni kubwa, na wazirejee habari za waja bora. Nabii Yaqub (A.S.) aliingiwa na weupe machoni kwa huzuni ya kumpoteza Yusuf (A.S.), naye ni Mtume wa Allah. Mtume wetu (S.A.W.) aliwapoteza Bibi Khadija (R.A.) na ami yake Abu Talib katika mwaka mmoja, karibu na mwaka 619, na mwaka huo umebaki katika sira ukiitwa Mwaka wa Huzuni. Naye alitufundisha kuomba kinga kwa Allah kutokana na hamu na huzuni, na akatufundisha pia kutafuta dawa, kwa kuwa hakuna ugonjwa ulioteremshwa bila ya dawa yake.

Miaka zaidi ya 150 baada ya Abu Zayd, Imam al-Ghazali alipatwa na jambo akiwa katika kilele cha utukufu wake. Mwaka 1095, akiwa mwalimu mkuu wa Nizamiyya ya Baghdad, ulimi wake ulifungika, akawa hawezi kusomesha hata neno moja. Akashindwa kula, nguvu zikamwishia, na matabibu wakakata tamaa, wakasema kuwa jambo limeuteremkia moyo na kutoka hapo likaenea mwilini. Hali ya kuvutwa huku na huku ilimchukua karibu miezi sita, hadi alipoiacha kazi na mji. Hatumwekei Imam jina la ugonjwa kutoka umbali wa karne tisa, na mwenyewe aliieleza hali yake kuwa ni mapambano ya nafsi baina ya dunia na Akhera. Lakini matabibu waliletwa, na hakuna aliyesema kuwa kuja kwao ni dharau kwa elimu yake wala kwa dini yake.

Waislamu wa zamani walilijenga jambo hili hata kwa mawe. Hospitali ya Mansuri mjini Cairo, iliyokamilishwa na Sultani Qalawun mwaka 1284 na kugharamiwa kwa wakfu, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili pamoja na sehemu za wagonjwa wa homa, macho na majeraha. Anayempeleka jamaa yake leo Muhimbili, Mirembe au Kidongo Chekundu hafanyi jambo geni kwa umma huu. Na kisomo cha Qur'ani hakizuii hospitali, wala hospitali haizuii kisomo. Anayemwambia mgonjwa atupe vidonge ili kisomo kifanye kazi amejitwika jukumu ambalo Siku ya Kiyama ataulizwa.

Abu Zayd alirudi kumalizia umri wake katika kijiji alichozaliwa, Shamistiyan, ambako alikuwa amejinunulia shamba. Alifariki katika mwezi wa Dhulqaada mwaka 322 Hijria, sawa na mwaka 934 Miladia, akiwa na umri wa miaka themanini na kitu. Kitabu chake cha miili na nafsi kilihifadhiwa kwa hati ya mkono katika maktaba ya Ayasofya mjini Istanbul, na mwaka 1984 Profesa Fuat Sezgin, mwanahistoria wa Kituruki wa elimu za Waislamu, alikitoa kwa picha za hati hiyo huko Frankfurt, Ujerumani. Ile sehemu ya nafsi ilifasiriwa kwa Kiingereza na Profesa Malik Badri wa Sudan, mtaalamu wa elimu ya nafsi aliyefariki mwaka 2021, ikachapishwa mwaka 2013. Ni kijitabu chembamba, na mlango wa huzuni ndani yake unasomeka katika kikao kimoja baada ya Sala ya Isha.